Sindano ya kingamwili dhidi ya RSV kwa watoto wachanga: ilijaribiwa vipi, na ilijaribiwa kwa nani?

#1 Pamba na Spiriti

Wakuu, habari za mchana.

Kwenye ule uzi wa homa za watoto kuna mtu kaandika kwamba "wazungu wametengeneza dawa ya kifua, sasa wanatafuta watoto wetu wa kuijaribia". Kaungwa mkono na watu wengi sana. Mimi kazi yangu iko kwenye utafiti wa magonjwa ya watoto, upande wa takwimu na ufuatiliaji, si daktari. Nimeona nifungue uzi badala ya kubishana kule, kwa sababu hali halisi ni karibu kinyume chake: dawa imeshajaribiwa, na wengi wa waliojaribiwa ni watoto wa huko huko kwao. Lalamiko ninalo, ila liko upande mwingine kabisa. Tutafika.

Kirusi chenyewe ni RSV. Mtu mzima akikipata anapiga chafya siku tatu nne, yamekwisha. Mtoto wa miezi miwili akikipata kinaweza kushuka hadi kwenye vijinjia vidogo kabisa vya hewa, vikavimba na kujaa ute. Hapo ndipo unaona kifua kinabonyea ndani kila akivuta pumzi, matundu ya pua yanatanuka, ziwa analikataa. Karibu kila mtoto duniani anakuwa ameshakipata kabla ya kutimiza miaka miwili. Antibiotiki hazikigusi. Kinachosaidia ni oksijeni, kumlisha kwa uangalifu, na kusubiri.

Makadirio yaliyochapishwa kwenye jarida la Lancet yanasema mwaka 2019 RSV iliua watoto wapatao 101,400 wa chini ya miaka mitano. Kati yao 45,700 hawakuwa wamefikisha miezi sita. Na katika kila vifo 100, 97 vilitokea nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani kwetu na kwa majirani zetu.

Mtu atauliza, mbona hakuna chanjo ya watoto miaka yote hii? Jibu liko Marekani, mwaka 1966. Watoto wachanga walichomwa chanjo ya kirusi kilichouawa kwa formalini. Msimu wa RSV ulipoingia, waliochanjwa ndio waliougua vibaya: asilimia 80 ya walioambukizwa walilazwa, wakati kwa wenzao ambao hawakuipata chanjo hiyo ilikuwa asilimia 5. Wawili wakafariki. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Fani nzima ilishtuka kwa miongo kadhaa.

Ndipo watu wakageukia njia nyingine: usiufundishe mwili wa mtoto, mpe kingamwili, yaani protini inayokishika kirusi na kukizuia, iliyokwisha kutengenezwa. Mwaka 1998 ikaja palivizumab. Utafiti wake ulichukua watoto 1,502 wa Marekani, Canada na Uingereza, ama njiti ama wenye mapafu mabovu. Waliopewa sindano isiyo na dawa, asilimia 10.6 walilazwa kwa RSV. Waliopewa dawa, asilimia 4.8. Ni nafuu kubwa, tatizo ni sindano kila mwezi, mara tano kwa msimu, kipimo kinafuata uzito, na bei yake ilizifanya hata nchi tajiri ziwape tu walio hatarini zaidi.

Hatua kubwa ikaja 2013. Jason McLellan, Barney Graham, Peter Kwong na wenzao kwenye taasisi za taifa za afya za Marekani walionyesha umbo la ile protini ambayo RSV hutumia kujiingiza kwenye seli, kabla haijajifyatua. Kumbe ikishajifyatua hubadilika umbo, na ile sehemu ya juu ambako kingamwili kali kuliko zote hushika hupotea. Dunia ilikuwa inahangaika na umbo la baada ya tukio. Kingamwili moja iliyopatikana Uholanzi, inayoshika kwenye kile kilele, ikaboreshwa na kuwa nirsevimab. Wakabadilisha pia herufi tatu, yaani vipande vidogo vinavyoiunda protini, kwenye mkia wake ili mwili uirudishe kwenye damu badala ya kuivunja. Kingamwili ya kawaida hupungua nusu kwa wiki tatu hivi. Hii huchukua siku kama 70. Sindano moja, msimu mzima.

Majaribio yake nitayaeleza nikitoka kazini. Maswali wekeni.

#2 Sindano Butu

Mkuu umeandika vizuri ila mimi ndiye niliyeandika kule, na sijabadilika. Hakuna mzungu wa kukupa kitu bure.

#3 Mama Njiti

Asante kwa uzi. Nimezaa njiti wa wiki 31, tulikaa wodi ya watoto njiti mpaka nikawajua manesi wote kwa majina ya watoto wao. Mwezi wa pili tukarudi na kifua, wakasema nimonia. Hakuna aliyetaja RSV. Sasa hii ni chanjo au siyo chanjo? Maana naona watu wanachanganya.

#4 Pamba na Spiriti

Dada, si chanjo. Chanjo huufanya mwili wa mtoto utengeneze askari wake mwenyewe, na kazi hiyo huchukua muda na huacha kumbukumbu. Hii ni kumkodishia mtoto walinzi: wanaingia kazini siku hiyo hiyo, mkataba ukiisha wanaondoka, na mwili hauwakumbuki. Kwa njiti hilo ni jambo jema, kwa sababu mwili wake bado haujawa mwanafunzi mzuri. Halafu ile hofu ya 1966 inapungua, maana tatizo lile lilitokana na mwili kufundishwa vibaya.

Kuhusu kutotajwa RSV: hospitali nyingi hazina kipimo chake, na matibabu ya siku ile yasingebadilika sana. Ndiyo maana familia nyingi zimeshapambana na RSV bila kulijua jina lake.

#5 Kijana wa Segerea

Fupisheni jamani, bando linaisha.

#6 Pamba na Spiriti

Segerea soma kesho basi, hii haifupishiki 😀

Majaribio yalikwenda hivi. Kwanza watu wazima wenye afya, 136. Hapa hutafuti kama dawa inakinga, unatafuta kama inadhuru na inakaa muda gani kwenye damu. Kisha watoto njiti 89 wenye afya, Marekani, Chile na Afrika Kusini. Wachache, vipimo vidogo kwanza, damu inachukuliwa kwa vipindi.

Baada ya hapo ndipo swali la kukinga likaulizwa. Njiti 1,453 waliozaliwa kati ya wiki 29 na kabla ya 35, nchi 23, kaskazini na kusini mwa dunia. Kwa kila watoto watatu, wawili dawa, mmoja maji ya chumvi. Kompyuta ndiyo inayopanga nani apate nini. Mzazi hajui, daktari anayemhudumia mtoto hajui. Halafu wanafuatiliwa siku 150. Mtoto akipata kifua akapelekwa kwa daktari, anachukuliwa ute puani na kupimwa kama ni RSV kweli. Matokeo yalitoka 2020: waliopata RSV ya kifua iliyowafikisha kwa daktari ni asilimia 2.6 upande wa dawa, 9.5 upande wa maji. Waliolazwa, asilimia 0.8 dhidi ya 4.1.

Ukafuata utafiti uitwao MELODY, kwa watoto waliozaliwa wiki 35 na kuendelea, yaani watoto wa kawaida kabisa. Huu ndio ninaopenda kuufundishia vijana wangu, kwa sababu una mtego ndani.

Ripoti ya 2022 ilikuwa na watoto 1,490. Dawa walipata 994, na 12 kati yao wakaugua kifua cha RSV cha kufika kwa daktari. Maji walipata 496, wakaugua 25. Hapo ndipo ilipotoka ile asilimia 74.5 mnayoiona kwenye magazeti. Haina maana kwamba watoto 74 kati ya 100 wameokolewa; wengi wa hao 100 wasingeugua vile hata bila sindano. Maana yake ni kwamba kati ya wale ambao wangeugua, robo tatu hawakuugua. Ukipiga hesabu ya mkononi, unachoma watoto kama 26 ili kumwepusha mmoja na kufika kwa daktari.

Mtego uko kwenye kulazwa. Upande wa dawa walilazwa 6, upande wa maji 8. Kwa asilimia ni upungufu wa 62, inapendeza kuisoma, lakini idadi ni ndogo mno kiasi kwamba bahati tu ingeweza kuleta tofauti hiyo. Watafiti wenyewe waliandika hivyo waziwazi. Ukiona mtu anatangaza "asilimia 62" bila kukwambia ni watoto 14 tu, mkwepe. Na sababu ya uchache inafurahisha kidogo: korona ilipoingia, watu walijifungia, RSV yenyewe ikapotea, ikabidi wasimamishe kuandikisha. Waliendelea baadaye, na walipofikisha watoto 3,012 upungufu wa kulazwa ukawa asilimia 76.8, safari hii kwa namba zinazosimama.

#7 Sindano Butu

Sawa, nimesoma yote. Swali langu hujaligusa. Mtoto mchanga unamchoma sindano ya MAJI YA CHUMVI, unajua kabisa haimsaidii, halafu unakaa kusubiri kama ataumwa. Hiyo ni sayansi au ni ukatili?

#8 Mkunga wa Zamani

Mwanangu Sindano Butu, hasira yako naielewa, ila angalia na upande wa pili. Huyo wa maji hakunyimwa kitu ambacho angepata nje ya utafiti. Mtoto mwenye afya aliyezaliwa baada ya mimba kutimia hakuwa na dawa yoyote ya kumkinga na RSV, si Ulaya si Afrika. Na akiugua, anatibiwa kama wengine, pengine kwa haraka zaidi maana kuna watu wanamfuatilia.

#9 Pamba na Spiriti

Shikamoo mama. Umejibu kuliko ambavyo ningejibu mimi.

Naongeza moja. Watoto ambao tayari walistahili palivizumab, yaani wenye ugonjwa wa moyo wa kuzaliwa, mapafu mabovu, au njiti walio hatarini, hawakupewa maji. Wao waliwekewa utafiti wao, MEDLEY, watoto 925, na kundi la kulinganishia lilipata palivizumab. Kumnyima mtoto wa moyo dawa iliyopo ili upate takwimu nzuri, hilo lingekuwa ukatili kweli, na kamati yoyote ya maadili yenye meno ingelikataa.

Halafu kuna kamati huru ya usalama ambayo huona data wakati wengine wote wamefumbwa macho. Kila kifo, hata cha ajali, huandikwa na kuchunguzwa. Kwenye majaribio haya vifo vilitokea, pande zote mbili, kama inavyotokea ukifuatilia maelfu ya watoto wachanga mwaka mzima. Havikuhusishwa na dawa. Nataja makusudi kabla mtu hajaleta picha ya skrini yenye kichwa cha habari cha kutisha.

#10 Dada wa Leeds

Mimi niko Uingereza, mzaliwa wa Tanga. Wanangu wa pili alizaliwa wakati wanaandikisha watoto kwa utafiti mwingine wa hii hii dawa, HARMONIE. Nesi alikaa na sisi akatueleza, akatuachia karatasi, akasema nendeni mkalale nazo. Mume wangu alikuwa Sindano Butu mtupu. Tukakubali.

Tukaangukia kundi la kutochomwa chochote. Si maji wala nini, hakuna sindano kabisa. Baada ya hapo maswali yalikuwa yanakuja kwenye simu, hatukuitwa kituoni kila mara. Nilijisikia vibaya kwamba tumejitolea halafu tumetoka mikono mitupu. Lakini sikuelewa: kama kila mtu anajua nani kachomwa na nani hajachomwa, si wanajidanganya?

#11 Pamba na Spiriti

Dada wa Leeds hilo ni swali la mtihani, na wachambuzi walilishika vilevile.

HARMONIE ulikuwa Ufaransa, Ujerumani na Uingereza, watoto 8,058. Ulitaka kujibu lile lililobaki wazi kwenye MELODY: kulazwa. Kwa kuwa kulazwa ni nadra, unahitaji watoto wengi sana, na ukitaka watoto wengi sana lazima utafiti uwe mwepesi. Ndiyo maana ya simu badala ya safari za kituoni. Waliolazwa: 11 upande wa sindano, 60 upande wenu. Upungufu wa asilimia 83.2.

Udhaifu ni huo ulioutaja. Mzazi aliyejua mtoto wake hana kinga anaweza kukimbilia hospitali mapema, na daktari naye anaweza kumlaza kwa tahadhari. Ila kulazwa si kama kujaza dodoso la "unajisikiaje". Kitanda hakitolewi ovyo, na kipimo cha RSV hakijui nani kachomwa. Halafu matokeo ya mtaani yakaja kufanana. Galicia, Hispania, walichoma watoto wa mkoa mzima msimu wa 2023 hadi 2024 na kulazwa kwa RSV kulipungua kwa asilimia 82 hivi. Tafiti mbili za namna tofauti zikisema jambo moja, mimi hutulia.

Na hukutoka mikono mitupu dada. Bila kundi lenu ile 11 haina maana yoyote.

#12 Dada wa Leeds

Asante kaka. "Mwanangu wa pili" nilitaka kuandika, simu hii! Cha ajabu Uingereza baadaye hawakuchagua sindano ya mtoto kwa wote, walichagua chanjo ya mama mjamzito, tangu Septemba 2024 kwa England, kuanzia wiki ya 28. Mdogo wangu kachomwa.

#13 Fundi Maabara

Naomba nichomekee kitu mleta uzi amekiruka. Watu wanadhani kila kingamwili ikifika majaribio ya mwisho inafaulu. Haiko hivyo!

Motavizumab ilikuwa mrithi wa palivizumab, kali zaidi, ikakataliwa Marekani 2010, mojawapo ya sababu ikiwa mzio wa ngozi. Kubwa zaidi ni suptavumab. Hii ilifika hatua ya tatu, watoto njiti zaidi ya elfu moja, na mwaka 2017 ikaanguka. Kwa nini? RSV ina makundi mawili, A na B. Wakati utafiti unaendelea, kundi B lililokuwa linazunguka lilikuwa limebadilisha herufi mbili tu pale kingamwili inaposhika. Mbili! Dhidi ya A ilifanya kazi, dhidi ya B ikashika hewa.

Kwa hiyo swali la kuuliza kuhusu nirsevimab si "ilifanya kazi?" bali "nani anaangalia kirusi kila msimu?"

#14 Pamba na Spiriti

Mkuu Fundi umenisaidia. Nirsevimab inashika mahali ambapo kirusi kimebadilika kidogo sana kwa miaka mingi, ndiyo maana imedumu. Lakini sehemu moja ni sehemu moja. Ni heri kuwa na nyingine inayoshika kwingine, na imekuja: clesrovimab, iliyoidhinishwa Marekani Juni 2025. Inashika mahali tofauti kwenye protini ile ile, na kipimo ni kimoja kwa kila mtoto, miligramu 105, bila kujali uzito. Kwa kliniki yenye mizani mbovu hilo si jambo dogo. Nirsevimab hutenganisha: chini ya kilo tano miligramu 50, kilo tano na kuendelea 100.

#15 Kijana wa Segerea

Nimerudi, bando limeingia. Kwa nini isitumike kutibu? Mtoto amelazwa anahema, si mumdunge hapo hapo?

#16 Fundi Maabara

Ilijaribiwa kijana, tangu enzi za palivizumab. Kirusi kilipungua kwenye njia ya hewa, mtoto hakupona haraka zaidi. Akifika wodini uvimbe na ute vimeshajaa. Ukimwondoa kirusi, matokeo yake yanabaki. Lazima itangulie.

#17 Mkunga wa Zamani

Sasa niseme langu. Nimezalisha miaka mingi, mikoani. Mnazungumza siku 150, mnazungumza "kufika kwa daktari", mnazungumza kulazwa. Watoto ninaowakumbuka mimi hawakufika popote. Mama anaamka alfajiri, mtoto kabadilika rangi, gari hakuna. Huyo kwenye hesabu zenu yuko wapi?

#18 Pamba na Spiriti

Mama, hapo ndipo nilikokuwa nawapeleka. Hili ndilo lalamiko langu.

Majaribio yote makubwa yalipima mambo yanayohitaji daktari awepo karibu: kupelekwa, kupimwa, kulazwa. Ulaya hilo ni kipimo kizuri cha ugonjwa. Kwetu kulazwa kunapima pia barabara, nauli, na kama baba yupo nyumbani wa kutoa ruhusa. Kuna utafiti ulifanyika Lusaka, Zambia: walichukua sampuli puani mwa watoto wachanga waliofariki, waliofikishwa chumba cha maiti cha hospitali ya chuo kikuu. Wengi wa waliokutwa na RSV walikuwa wamefia nyumbani, na walikuwa wadogo sana, wiki kadhaa tu. Hao hawaonekani kwenye rejista yoyote ya wodi.

Jambo la pili ni majira. Siku 150 zilichaguliwa kwa sababu nchi za baridi RSV huja na kipupwe na kuondoka nacho. Unawachoma watoto Oktoba, kazi imeisha. Kilifi, pwani ya Kenya, ambako KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wenzao wamefuatilia RSV kwa zaidi ya miaka ishirini, mlipuko mara nyingi huanza mwishoni mwa mwaka na kufika kileleni mwanzoni mwa mwaka unaofuata, kwenye joto kali kabisa. Sehemu nyingine za ukanda wetu zina mpangilio wake. Kwa hiyo kila nchi itabidi iamue: kumchoma kila anayezaliwa, mwaka mzima, au kusubiri msimu na kuwakosa wale wanaozaliwa mbali na kituo? Hakuna jaribio la Ufaransa litakalotujibia hilo.

La tatu ni nani anayemwambukiza. Huko huko Kilifi, 2009 hadi 2010, watafiti waliingia kaya 47 na kuchukua ute puani mwa kila mtu mara mbili kwa wiki, miezi sita. Zaidi ya nusu ya wachanga walioambukizwa waliupata ugonjwa ndani ya nyumba, na mara nyingi aliyeuleta ni kaka au dada mkubwa. Kwenye nyumba ya watu kumi na wawili, mtoto anakutana na kirusi mapema na kwa wingi. Je, kinga itashika vilevile? Naamini itashika. Ila kuamini si kupima.

Ndiyo maana nasema malalamiko ya Sindano Butu yamegeuzwa kichwa chini. Afrika Kusini walishiriki, na MELODY yenyewe iliongozwa kwenye ripoti na Laura Hammitt, ambaye kabla ya hapo alifanya kazi Kilifi kwenye utafiti wa chanjo ya nimonia. Watu wanaolijua tatizo letu walikuwepo mezani. Lakini dawa imethibitishwa zaidi pale ambapo RSV inajaza wodi, kuliko pale inapojaza makaburi.

#19 Mwana Pwani

Kaka, mimi ni wa Kilifi kwenyewe. Mamangu alikuwa akichukuliwa ile sampuli ya pua na vijana wa utafiti, tukiwacheka. Sikujua ilisaidia nini hadi leo. Lakini niambie, hiyo dawa pale hospitali ya kaunti iko? Ama tulitoa pua zetu bure?

#20 Pamba na Spiriti

Nitakuwa mkweli ndugu. Ilipoanza kuuzwa Marekani 2023, bei ya orodha ilikuwa dola 495 kwa dozi, na hata wao iliwaishia. Oktoba mwaka ule ilibidi waambiwe dozi kubwa zigawiwe kwa walio hatarini kwanza. Kwa bei hiyo sisi hatumo.

Kinachoonekana kutufikia mapema ni chanjo ya mama mjamzito. Utafiti wake, MATISSE, ulikuwa na wajawazito zaidi ya 7,000 katika nchi 18, Afrika Kusini na Gambia zikiwemo, na ulizuia RSV kali kwa watoto kwa asilimia 81.8 katika siku 90 za mwanzo. Miezi mitatu ya mwanzo ndiyo umri wa wale wachanga wa Lusaka. Shirika la Afya Duniani lilikubali ubora wa chanjo hiyo Machi 2025, na Mei mwaka huo likapendekeza nchi zitumie ama chanjo ya mama ama nirsevimab, kutegemea uwezo na mazingira. Gavi, shirika linalosaidia nchi maskini kupata chanjo, nao wameiweka ya mama kwenye mipango yao. Taasisi ya utafiti wa tiba ya Gates inatengeneza kingamwili nyingine, RSM01, kwa lengo la kuwa nafuu kwa nchi kama zetu, lakini hiyo bado iko hatua za mwanzo.

#21 Mama Njiti

Kaka, kama chanjo ni ya mama kuanzia wiki ya 28, mimi niliyejifungua wiki ya 31 ingenisaidia nini?

#22 Pamba na Spiriti

Kidogo, dada, au isikusaidie kabisa. Mwili wa mama huhitaji kama wiki mbili kutengeneza kingamwili, na nyingi humpitia mtoto kwenye kondo miezi ya mwisho, ile ambayo njiti anaikosa. Kwa hiyo watoto kama wako ndio wanaohitaji sindano yao wenyewe hata pale ambapo kina mama wote wamechanjwa. Ningekuwa nashauri wizara ningesema: mama kwa wote, na kingamwili iwekwe wodi za njiti kwanza, wachomwe kabla hawajaruhusiwa. Idadi ni ndogo, mtoto yuko mikononi tayari, na gharama inahesabika. Huo ni mtazamo wangu, si sera ya mtu.

Kwa sasa, yeyote mwenye mchanga nyumbani: wakubwa wenye mafua wakae mbali na uso wake, mikono inawe, moshi wa jiko usimfikie, anyonye. Akianza kubonyea kifua au kukataa ziwa, au midomo ikibadilika rangi, usisubiri asubuhi.

#23 Sindano Butu

Mkuu nakiri umenichosha kwa hoja. Tuseme kesho watu wa utafiti wanakuja kata yetu na kingamwili mpya. Shemeji yangu ana mimba ya miezi minane. Aulize nini?

#24 Pamba na Spiriti

Aulize kundi la kulinganisha linapata nini, na kama kuna kitu kilichothibitishwa ambacho mtoto angekosa kwa kuingia. Hilo sasa ni zito kuliko 2019, maana chanjo ya mama na nirsevimab zipo. Kumpa mtoto maji leo kunahitaji maelezo ya kutosha kuliko zamani. Aulize damu itachukuliwa kiasi gani na mara ngapi. Akipata madhara nani analipa matibabu, na iko wapi kwenye maandishi. Kibali cha kamati ya maadili ya taifa kina namba, aombe kuiona. Na aulize kama anaweza kutoka katikati bila kunyimwa huduma. Jibu la hilo lazima liwe ndiyo, mtafiti akisitasita shemeji yako aondoke.

#25 Sindano Butu

Na utafiti ukiisha, ikionekana inafanya kazi, itabaki hapa au wanafunga mabegi?

#26 Pamba na Spiriti

Hilo lingekuwa la kwanza kwangu. Azimio la Helsinki, mwongozo wa dunia wa maadili ya utafiti wa tiba, linataka mipango ya baada ya utafiti iwekwe kabla haujaanza, na washiriki waelezwe wakati wa kutoa ridhaa. Kwa hiyo lisijibiwe kwa mdomo, litafutwe kwenye fomu.

#27 Sindano Butu

Basi fomu ikija naileta kwenye huu uzi, kurasa zote. Mama Mkunga na Fundi msipotee.

#28 Mkunga wa Zamani

Ilete ya Kiswahili. Ya Kiingereza waambie warudi nayo.